Ukitafuta hupati: dalili za utafutaji mbovu, chanzo na marekebisho

Utafutaji kwenye intaneti huharibika kwa namna tatu. Unaletewa kurasa nyingi kupita kiasi, hupati hata moja, au unapata kitu ambacho hukukiagiza. Wengi wetu hutibu zote tatu kwa dawa moja, yaani kuongeza maneno. Kwa tatizo la kwanza dawa hiyo husaidia. Kwa la pili inamuua mgonjwa. Kwa hiyo itazame dalili kwanza, ndipo uguse maneno.

Vifaa vya kazi ni viunganishi vitatu vya mantiki, na jina lake la kitaalamu, Boolean operators, linatokana na George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyeishi kati ya 1815 na 1864. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba hoja zinaweza kukokotolewa kama hesabu za aljebra. Kompyuta hakuiona kamwe, lakini kila unapobonyeza kitufe cha kutafuta unatumia hesabu zake. AND hudai masharti yote yatimie. OR huridhika likitimia lolote. NOT hufuta. Kwenye Google na Bing huhitaji kuandika AND, kwa sababu nafasi kati ya neno na neno imeshachukua kazi hiyo. Na NOT mara nyingi huandikwa kwa kistari kilichoshikana na neno linalofukuzwa.

Jambo moja la kifundi kabla hatujaendelea: badilisha kitu kimoja kila unapojaribu tena. Ukibadilisha maneno, nukuu na tovuti kwa mkupuo mmoja, hata ukifanikiwa hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Dalili: umeandika "au", umeandika "bila", na hakuna kilichobadilika

Injini za utafutaji hazichukulii viunganishi vya Kiswahili kama amri. Kwao "na", "au", "si" na "bila" ni maneno kama mengine, ya kutafutwa au ya kupuuzwa. Mtu akiandika

Mirihi au Zuhura bila picha

amekaribisha picha mwenyewe, kwa sababu neno hilo limo ndani ya ombi lake. Alichokusudia kinaandikwa hivi:

Mirihi OR Zuhura -picha

Herufi kubwa si pambo. Ukiandika "or" kwa herufi ndogo, injini huiona kama neno la Kiingereza tu, na Bing hulitupa kabisa. Kwenye simu kosa hili ni rahisi mno, kwa kuwa kibodi hukuandikia herufi kubwa ya kwanza kisha inarudi kwenye ndogo, na unajikuta umetuma "Or" bila kujua. Ikikusumbua, kwenye Google tumia mstari wima badala yake:

Mirihi | Zuhura

Dalili: umeomba vitu viwili, ukapata vichache kuliko ulipoomba kimoja

Hapa ndipo mantiki na mazungumzo yetu ya kila siku yanapoachana, na kwa maoni yangu ndicho chanzo cha nusu ya utafutaji mbovu. Ukimwambia mtu wa maktaba "nipe vitabu vya Mirihi na Zuhura", atakuletea mafungu mawili: vya Mirihi hivi, vya Zuhura hivi. Ile "na" ya mdomoni imeongeza vitabu. AND ya Boole hupunguza. Inataka ukurasa mmoja unaozitaja sayari zote mbili, na ukurasa unaoieleza Mirihi peke yake, hata uwe mzuri kiasi gani, unaachwa nje.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize "na" yako ni ya aina gani. Ikiwa unalinganisha sayari hizo mbili, acha nafasi kati ya maneno na AND itafanya kazi yake. Ikiwa unataka habari za yoyote kati yake, unachohitaji ni OR, ingawa mdomo wako unasema "na".

Njia ya kukumbuka ni kufikiria ungo. Kila AND ni ungo mwingine juu ya ule wa kwanza, na kinachopita kinazidi kuwa kichache. Kila OR ni mlango mwingine, na wanaoingia wanaongezeka.

Dalili: matokeo ni mengi, na robo tatu ni ya maana nyingine

Kiswahili kina maneno mengi yenye maana zaidi ya moja, na injini haijui unalenga ipi. Tafuta "tai" ukitaka ndege, utapata pia zile za kufunga shingoni. Tafuta "Zuhura" ukitaka sayari, utakutana na wanawake wenye jina hilo. Tafuta "panda" ukitaka yule mnyama mweusi kwa mweupe, uletewe namna ya kupanda mbegu.

Watu hukimbilia kistari:

tai -suti -shati

Inafanya kazi, lakini mimi huiweka mwisho. Kufukuza neno ni kufukuza ukurasa wote unaolitaja hata mara moja, pembeni, kwenye mfano au kwenye tangazo. Makala nzuri kuhusu ndege yenye sentensi moja inayosema mzee fulani alivaa suti imeondoka, na hutajua kwamba iliwahi kuwepo. Matokeo yaliyofutwa hayaachi alama.

Salama zaidi ni kuongeza neno ambalo maana unayoitaka haiwezi kulikwepa:

tai kiota mawindo

Hakuna anayeandika kuhusu nguo akataja kiota. Baada ya hapo, kama bado kuna takataka za aina moja zinazojirudia, ndipo kistari kiingie.

Kama tatizo ni kwamba maneno yako yapo kwenye ukurasa lakini yametawanyika, yafunge kwa alama za nukuu. "Mfumo wa jua" ndani ya nukuu ni kirai kimoja chenye mpangilio huo huo. Bila nukuu ni maneno matatu, na "wa" linapatikana karibu kila ukurasa wa Kiswahili duniani.

Na ikiwa unajua nani anaaminika katika jambo unalolitafuta, usipambane na intaneti yote. Kwa mambo ya anga ningetumia amri ya site: kubana utafutaji kwenye tovuti za mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya:

Mars water site:nasa.gov OR site:esa.int

Ukihitaji ripoti kamili badala ya habari fupi fupi, ongeza filetype:pdf.

Dalili: kistari hakifukuzi kitu

Vyanzo ni vinne, na nimeviorodhesha kwa jinsi vinavyotokea mara nyingi.

Cha kwanza ni nafasi. "tai - suti" yenye nafasi baada ya kistari haina amri yoyote ndani yake. Kistari hutanguliwa na nafasi na hushikana na neno linalofuata.

Cha pili ni kufikiri kwamba kistari kimoja kinabeba maneno yote yaliyo mbele yake. "-suti shati" humfukuza suti na humwalika shati. Kila neno lina kistari chake, na kirai kizima hufungwa kwa nukuu kwanza: -"suti ya harusi".

Cha tatu kiliwahi kunipotezea jioni nzima. Nilikuwa nimeandika utafutaji mrefu kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nikaunakili na kuubandika kwenye kivinjari. Programu ile, kwa wema wake, ilikuwa imegeuza kistari changu kifupi kuwa kile kirefu cha uchapaji. Kwa macho vinafanana. Kwa mashine ni alama mbili tofauti, na ndefu haina maana ya NOT. Nukuu zilizopindapinda nazo zina tabia hiyo: baadhi ya injini huzikubali, baadhi ya hifadhidata huzikataa. Ukishabandika, futa alama hizo na uziandike upya kwa mkono ndani ya kisanduku chenyewe.

Cha nne ni injini yenyewe. Kwenye DuckDuckGo, kwa mujibu wa maelezo yake yenyewe, kistari hupunguza kurasa zenye neno hilo, hakiahidi kuzifuta zote. Hapo hujakosea kitu.

Dalili: hakuna matokeo kabisa

Hii mara nyingi ni kosa dogo la uandishi, kwa hiyo lipitie haraka kabla ya kulaumu mada yako.

Angalia nafasi baada ya nukta mbili. "site:nasa.gov" ni amri, "site: nasa.gov" ni maneno. Kibodi za simu hupenda kuongeza nafasi hiyo zenyewe. Kisha angalia urefu wa nukuu: kirai cha maneno kumi ndani ya nukuu kinahitaji mtu mwingine awe ameandika maneno hayo kumi kwa mpangilio huo huo. Kikate hadi maneno matatu au manne yenye uzito. Kisha angalia kama amri zako zinapingana, kwa mfano site: mbili zisizo na OR kati yake. Ukurasa mmoja hauwezi kuwa kwenye tovuti mbili kwa wakati mmoja, na AND iliyojificha kwenye nafasi inadai hivyo hasa.

Zote zikiwa sawa, anza kutoa. Ondoa filetype kwanza, kisha site, kisha nukuu. Matokeo yakitokea, ulichotoa mwisho ndicho kilichoziba njia.

Dalili: kwa Kiingereza kuna maelfu, kwa Kiswahili kuna vichache

Wakati mwingine ni kweli kwamba hakijaandikwa. Lakini kabla ya kukubali hivyo, fikiria jinsi lugha yetu inavyojengwa.

Kiingereza hubadilisha maneno zaidi kwenye mkia. Ndiyo maana hifadhidata nyingi za maktaba zina kinyota cha kukata mwisho wa neno: unaandika shina, unaweka kinyota, inakuletea viambishi vyote vya nyuma. Kiswahili hubadilika mbele. Mtoto, watoto. Kitabu, vitabu. Jino, meno. Ukuta, kuta. Vitenzi ndiyo kabisa: anafundisha, walifundisha, hatukufundishwa. Ukiandika fundish* utapata fundisha, fundisho na fundishwa, lakini mafundisho, anafundisha na walimfundisha vyote vinabaki nje, kwa sababu kichwa cha neno ndicho kilichobadilika. Zipo hifadhidata, kama Web of Science, zinazokubali kinyota mwanzoni mwa neno. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, haikubali. Na Google hutumia kinyota kwa kazi nyingine kabisa: ndani ya nukuu hushika nafasi ya neno zima lililosahaulika, kwa mfano "sayari ya * kutoka kwenye jua", na hakiwezi kumalizia nusu ya neno.

Injini kubwa hujitahidi kuunganisha umoja na wingi wa Kiingereza. Kwa Kiswahili usitegemee. Fanya kazi hiyo mwenyewe kwa OR:

mwalimu OR walimu OR ualimu

Usitafute kitenzi kilichonyambuliwa ikiwa kuna nomino inayotosha. "Ufundishaji" ni neno lililotulia. "Wanavyofundishwa" lina sura nyingi na utaambulia moja tu.

Jambo la pili ni istilahi. Kitu kimoja kina majina mawili matatu, kila mwandishi na chaguo lake. Anayeandika Mshtarii na anayeandika Jupita wanazungumzia sayari moja, lakini kwa mashine hawajuani. Kompyuta ina ndugu zake tarakilishi na ngamizi. Intaneti kwa wengine ni mtandao tu. Utafutaji mzuri wa Kiswahili unaanza kwa kuandika pembeni majina yote unayoyajua ya kitu hicho, likiwemo la Kiingereza, kisha kuyaunganisha:

Mshtarii OR Jupita OR Jupiter

Na usisahau tahajia. Ng'ombe huandikwa na wengi bila ile alama ya juu, hasa kwenye simu. ng'ombe OR ngombe inachukua sekunde tatu kuandika na huongeza kurasa ambazo waandishi wake hawakuwa na subira.

Dalili: neno lililo ndani ya nukuu halionekani kwenye ukurasa

Umefungua ukurasa, umebonyeza Ctrl na F, neno halipo. Huenda limo mahali jicho halifiki: kwenye anwani ya ukurasa, kwenye maelezo yaliyofungamanishwa na picha, au kwenye kichwa kinachoonekana juu ya kivinjari tu. Huenda ukurasa umebadilishwa tangu injini ilipoupitia mara ya mwisho. Au alama za uandishi zimeichanganya, maana injini huweza kuichukulia koma au nukta kama nafasi tupu, na maneno yaliyo pande mbili za nukta yakahesabiwa kuwa yamefuatana.

Kuna kesi ya kinyume pia: hukuweka nukuu, na Google imeamua yenyewe kuacha neno lako moja ili ikupe matokeo mengi. Mara nyingine hukuambia chini ya tokeo kwamba neno fulani halimo. Neno lako la lazima liwe ndani ya nukuu hata likiwa peke yake.

Dalili: ombi lile lile, injini tofauti, majibu tofauti kabisa

Hili ni suala la nani anashikana na nani. Chukua ombi hili:

watoto malaria OR kipindupindu

Google husoma OR kama gundi ya maneno mawili jirani: watoto, pamoja na malaria au kipindupindu. Bing huipa OR nafasi ya mwisho katika mpangilio wa hesabu, kwa hiyo huunganisha kwanza watoto na malaria, kisha inaongeza fungu la kipindupindu lenye kila kitu, watu wazima kwa watoto. PubMed, ambayo huwekwa maneno ya Kiingereza lakini mantiki ni hiyo hiyo, husoma kuanzia kushoto kwenda kulia, na hapa inafika palepale ilipofika Bing. Mwanafunzi anayeandaa tasnifu anaweza kukusanya mamia ya makala yasiyomhusu kwa sababu ya hilo tu.

Kwa Bing, PubMed na hifadhidata nyingi za kitaaluma tiba ni mabano:

watoto AND (malaria OR kipindupindu)

Kwa Google mabano si ya kutegemea. Hakikisha tu kwamba vinavyopaswa kuchaguliwa vimekaa pande mbili za OR bila kitu kati yake. Angalia hasa virai. Ukiandika chombo cha anga OR roketi, chaguo lililo mbele ya mashine ni kati ya "anga" na "roketi", na "chombo cha" vinaelea. Funga kwanza:

"chombo cha anga" OR roketi

Dalili: tarehe hazieleweki

Kwa hili tumia before: na after:, zikifuatwa na mwaka au tarehe kamili kuanzia mwaka. Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia tarehe 24 Agosti 2006. Anayetaka kuona ilivyoelezwa kabla ya uamuzi huo anaandika:

Pluto planet before:2006-08-24

Bado utaona kurasa za juzi zimepenya, kwa sababu tarehe ya ukurasa ni makadirio ya injini, na tovuti iliyohamishwa au kusanifiwa upya huweza kuonyesha tarehe isiyo ya maandishi yenyewe. Thibitisha ndani ya makala.

Dalili: ujanja uliofundishwa zamani haufanyi kazi

Hujakosea kuandika. Ujanja wenyewe umeondolewa. Alama ya kujumlisha, iliyokuwa ikilazimisha neno, Google iliiacha mwaka 2011 na kazi yake ikachukuliwa na nukuu. Kiwimbi (~) cha kutafuta visawe kiliondoka 2013. Amri ya cache:, iliyokuwa ikikuonyesha nakala ya zamani ya ukurasa, ilikoma 2024. Mafunzo mengi bado yanazitaja zote.

Dalili: kila kitu kiko sawa, na bado hakuna kitu

Injini hutafuta ndani ya faharasa yake, yaani orodha ya kurasa ilizokwisha kuzipitia, haitafuti ndani ya intaneti yenyewe. Makundi ya WhatsApp, kurasa zinazohitaji nywila, makala za kulipia na hifadhidata zinazofunguka baada ya kujaza fomu kwa kawaida hazimo, na hakuna kiunganishi kinachoweza kuzivuta. Hapo tumia Google kutafuta mlango badala ya jibu: tafuta jina la taasisi inayohifadhi kitu hicho, ingia kwenye tovuti yake, kisha utumie kisanduku chake cha ndani. Fungua kwanza ukurasa wake wa msaada, kwa kuwa kisanduku hicho nacho kina sheria zake za AND na OR.